Kuanika Furu

Siku hizi nikimpigia mama simu, salamu zikiisha, simuulizi kama chakula kipo. Namwambia agonge kilindo nisikie. Anacheka, ananiita mkaguzi wa serikali, lakini anakwenda kugonga. Kilindo ni lile pipa kubwa la gome la mti ambalo kwetu Mlali, wilayani Kongwa, tunahifadhia mtama na uwele, na sauti yake haijui kudanganya. Kikijaa kinatoa kishindo kizito, kikiwa kitupu kinalia kama ngoma. Mama ndiye anayedanganya. Anadanganya kwa upole, akimshukuru Mungu kila baada ya maneno mawili, na mimi niliyekuwa Dodoma mjini, Chang'ombe, na genge langu la juisi nilimwamini miaka yote.

Mwaka ninaousimulia, mvua ilikatika mtama ukiwa ndiyo kwanza unachanua. Kila aliyetoka Kongwa alikuja na habari ya mashamba yaliyokauka yakiwa yamesimama. Nikampigia mama. "Tumepata kidogo, mwanangu, lakini kinatosha, tunamshukuru Mungu." Basi nami nikamshukuru, nikaendelea na wazo langu.

Wazo lenyewe lilikuwa furu. Furu ni tunda la porini, dogo, likiiva linakuwa jeusi na tamu, na anayelila hawezi kukana kwa sababu ulimi wake unabaki mweusi. Mjini watu waliolila utotoni wanalikumbuka kama wanavyomkumbuka bibi yao. Nilikuwa nimempata mama mmoja Kizota mwenye karakana ndogo ya jemu na juisi, akaniambia nikimletea furu zilizokaushwa vizuri atachukua zote. Nikamwomba mama aokote na kuanika. Nilitegemea mabishano. Alikubali siku ileile, nami nikajisifu kwamba nina maneno matamu.

Nilitegemea mabishano kwa sababu ya neno moja. Kwetu furu ni chakula cha watoto wachungaji. Mtu mzima anaziokota mwaka ambao ndani hamna kitu. Ndiyo maana ukisikia mtu anasema, "Siku hizi wale wanaanika furu," hazungumzii matunda. Anasema nyumba ile ina njaa. Na pa kuanika ni juu ya paa la tembe, paa bapa la udongo, penye jua na upepo na pasipofikiwa na mbuzi. Paa la mama limepakana na barabara, kila apitaye analiona lote. Kuanika ni kuanika: ukianika nguo, viraka vyake navyo umevianika.

Mama alijikinga kwa namna yake. Kila aliyepita alitangaziwa kabla hajauliza, "Ni za biashara hizo, za binti yangu wa mjini." Jirani wa ng'ambo ya barabara hakuhitaji kutangaziwa, ila kila asubuhi alisimama mlangoni pake na kupaza salamu yetu ya Kigogo kwa sauti tamu, "Mbukwenyi! Mmeanika furu?" Mama akajibu salamu, akaongeza biashara, akaingia ndani akisonya. Adui yako mwombee njaa, walisema wahenga. Jirani yule hakuwa adui, lakini alipenda kuuliza.

Hapo ndipo ulipokuja ugeni. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alikuwa amepata mchumba aliyekutana naye kwenye mafunzo ya ushonaji mjini anakokaa bwenini, kijana Msandawe wa upande wa Chemba. Wazee wa kijana wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi: mshenga, na shangazi aliyemlea kijana baada ya baba yake kufa. Baba huyo aliuawa na gongo. Kwa hiyo shangazi alikuwa na ombi moja tu: nyumba atakayooa mtoto wake isiwe ya pombe, maana hata harufu yake haivumilii. Tulicheka. Mama yangu ni mtu wa umoja wa akina mama kanisani, amewahi kumwagia mtu debe lake la pombe njiani.

Nilifika nyumbani Alhamisi. Furu zilikuwa paani, ngozi imeanza kukunjamana lakini ndani bado laini. Sijamaliza hata kunywa maji, mama akasema, "Panda uziteremshe zote."

"Mama, hazijakauka. Tukizifunga zitachacha."

"Zichache."

"Na yule mama wa Kizota nitamwambia nini?"

"Wageni wanapita barabara hiyohiyo. Unataka mdogo wako aolewe kutoka nyumba inayoanika furu?"

"Lakini sisi hatuna njaa!" nilisema, kwa sauti, kwa sababu nina hasira za karibu.

Mama alikwenda kuleta ngazi mwenyewe, akaiegemeza, akanisubiri.

Nikaziteremsha. Nikazitia kwenye viroba, nikaviburuta hadi chumba cha ndani cha tembe, nyuma ya vilindo, kule kusikoonekana kutoka sebuleni. Katika kugeuka, bega langu likagonga kilindo. Kikalia.

Niliweka kiroba chini. Nikagonga tena kwa ngumi, nikagonga na cha pili. Vyote vikalia kama ngoma, na hiyo ilikuwa miezi ya baada ya mavuno, wakati hata nyumba maskini inakuwa na kitu. Niliogopa. Sina neno jingine la kusema nilichohisi, ni woga.

"Usigongegonge vyombo vya watu," mama alisema. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Unakula nini, mama?"

Alitazama viroba. "Asubuhi naloweka kidogo, nachuja, maji yake napikia uji na unga wa kununua. Si mbaya. Tumbo linazoea."

"Na wageni tutawapa nini?"

"Mchele nimeazima kwa wenzangu wa kanisani. Na mdogo wako asijue, ana furaha yake."

Kwa hiyo hivyo viroba, ambavyo mimi niliviita biashara, ndivyo vilikuwa chakula cha mama mpaka mvua nyingine. Na tulikuwa tumevifunga vikiwa na maji ndani. Nilimsihi tuzirudishe paani hata kwa siku ya Ijumaa, akakataa, kwamba watu wa Chemba huenda wakatuma mtu kuchungulia kabla hawajafika. Nilitandaza kiasi kwenye mkeka humo ndani, lakini chumba ni kidogo, hakina dirisha, na ukuta wake ndio unaopakana na jiko. Nyingi zilibaki kwenye viroba. Ijumaa nzima niliingia na kutoka nikitia mkono ndani yake. Zilikuwa na joto. Kila nilipoingia zilikuwa zimeongeza joto.

Jumamosi asubuhi nyumba ilikuwa inanuka. Si uvundo, la, ingekuwa nafuu. Ilinuka utamu uliochacha, ile harufu inayomkaribisha mtu kilabuni. Mama alichoma ubani. Kisha akakaanga vitunguu vingi bila sababu yoyote. Mdogo wangu, aliyefika usiku, akauliza tunapika nini cha ajabu hivi, nikamwambia akavae.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Wetu walikuja, na mwenyeji akazidi kuumwa. Mshenga alikuwa mzee mpole mwenye koti zito. Shangazi alikuwa mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, na macho yanayotulia juu ya kitu kimoja kwa muda mrefu. Tukaamkiana shikamoo na marahaba, mama akawaambia "mbukwenyi" kwa sauti iliyopanda juu kuliko kawaida yake, wakaketi. Wali ukaletwa. Walipozungumza wao kwa wao kwa Kisandawe, kwa zile sauti zinazodonolewa mdomoni, mama alishtuka kila ulimi ulipodonoa, kana kwamba kila mdonoo ni hukumu. Hatukuelewa neno hata moja. Mimi nilikuwa natazama pazia la mlango wa ndani.

Dodoma haikosi upepo. Pazia likainuka, likakaa juu kidogo, likashuka.

Shangazi aliacha kula. Akamtazama mshenga, mshenga akatazama sahani yake. Halafu shangazi akaifuta mikono yake taratibu na kusema kwa Kiswahili, "Mama, samahani. Tulitoa ombi moja tu."

Mama akamwongezea mshenga wali.

"Mwanangu nilimlea kwa sababu ya harufu hiyo. Naomba uniambie, humo ndani mnapika nini?"

Mdogo wangu alikuwa ameingia na birika la kunawisha. Alisimama palepale, maji yakawa yanamwagika kidogo kidogo kwenye kanga yake, macho kwa mama. Mimi ulimi wangu ulikwisha kuandaa uongo: ni pumba za nguruwe. Nguruwe hatuna. Nilikuwa nausema hata hivyo, nilikwisha fungua mdomo, ndipo mama alipoinuka.

Aliingia ndani. Tukasikia kiroba kikiburutwa. Alikileta mpaka katikati ya sebule, akakishika kwa chini na kukimwaga juu ya mkeka, mbele ya miguu ya wakwe. Furu zilitoka nyeusi, zenye povu, zimeshikana.

"Hii siyo pombe," mama alisema. "Hii ni njaa."

Kisha, kama mtu aliyekwisha kuvua shati na haoni sababu ya kubaki na kofia, akamalizia yote. Kwamba vilindo ni vitupu. Kwamba wali wanaokula ni wa kuazima. Kwamba furu zilikuwa paani mpaka juzi, na zimeteremshwa ili wao wasizione. Hakulia. Mdogo wangu ndiye aliyelia. Mficha uchi hazai, lakini mama alikuwa ameufunua wake mbele ya watu waliokuja kuposa, na mimi niliona harusi ile inatoka mlangoni.

Shangazi aliinama akaokota furu moja. Akainusa, akaimenya kwa meno, akatema kokwa kiganjani. Akaanza kuzungumza na mshenga kwa Kisandawe, maneno mengi, na mzee akawa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Alipomaliza akatugeukia.

"Nani amefunga furu hazijakauka?"

Mama akaninyooshea kidole. "Binti yangu huyu, wa mjini."

Kuna kesi ambazo mtu anabeba tu.

"Kwetu tunazila hizi hata mwaka wa neema," shangazi alisema, "na watu wanatucheka, wanatuita wala matunda. Mbali na pombe, nilikuwa na hofu nyingine. Nilisema, kijana wetu anakwenda kuoa nyumba isiyojua hata mti mmoja wa porini. Siku mvua ikigoma watakula nini?" Akasukuma sahani. "Mahari tutazungumza. Kwanza hizi zitoke ndani, zinakufa."

Kwa hiyo mahari ya mdogo wangu ilisubiri. Mshenga alivua koti akashika ngazi. Shangazi aliketi kivulini akachambua, zilizokwisha kuchacha upande huu, zinazofaa kwenye ungo. Mimi nilipanda paani kupokea na kutandaza, na kila nilipochungulia chini nilitazama fungu la zilizoharibika. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyotaka kuliona. Kizota hakukuwa na kitu cha kupeleka tena msimu ule, na kuhusu mama, nilipiga hesabu ya macho kutoka paani hadi mvua nyingine na kila nilipoipiga haikutosha.

Mama naye alipanda. Alinisogeza, akaanza kutandaza kwenye ukingo wenyewe wa barabara, mahali ambapo siku zote alipaacha wazi.

Jirani hakukawia. Akatoka mlangoni pake, akatazama wageni, gari lao, ngazi, na sisi juu.

"Mbukwenyi! Mmeanika furu?"

Nilingojea biashara ya binti wa mjini. Mama alinyoosha mgongo.

"Tumeanika," alisema. "Ni njaa. Na zako zilete huku, huko uvunguni zitakuchachia kama zetu. Ndimi za wajukuu wako nimeziona."

Jirani akageuka akaingia ndani na kufunga mlango, nami nikasema moyoni, haya, sasa tumekosana na jirani pia, katika mwaka kama huu. Tuliendelea kutandaza. Shangazi alikuwa ameacha kuchambua, anautazama mlango ule.

Mlango ukafunguka. Jirani alitoka na ungo kichwani, umefunikwa kanga. Alivuka barabara akiangaza huku na huku, na hata alipofika chini ya ngazi alikuwa bado ameshikilia pindo la kanga lisipeperuke. Mama akapiga magoti ukingoni mwa paa, akanyoosha mikono miwili kuupokea ungo, akamwambia afunue.