Ndugu yangu amefunga kurasa zetu kwa sababu alizaliwa kwanza

Ouma, ndugu yangu mkubwa, leo amefunga kurasa zetu zote.

Nimejenga tovuti ya familia hapa saiba ya Kisumu, kwenye kompyuta za kulipia, kwa muda mrefu, laini ya simu ikikatika kila saa. Tovuti ni moja, yenye jina la baba, na chini yake kila mtu ana ukurasa wake. Mimi naandika kuhusu samaki wa Asembo Bay, dada yetu Akinyi mapishi.

Ouma pia ana wake. Hajaandika hata mstari.

Asubuhi nikafungua kurasa zetu, yangu na ya Akinyi, watu wasome.

Huyo akaingia saiba akifoka. "Otieno, tangu lini mdogo anajenga kabla ya mkubwa? Nyumba yangu ndiyo ya kwanza!"

"Ouma, hii ni kompyuta. Haina geti."

"Ina jina la baba. Hilo ni boma la baba, na kwa mila yetu bomani mkubwa hujenga kwanza."

Neno la siri la tovuti nzima analo yeye; sisi tuna ya kurasa zetu tu. Tulimpa kwa heshima. (Heshima! Sirudii tena.) Akakaa, akafunga zetu, akaacha yake pekee.

Nikamwambia sawa, nahama, naanzisha tovuti yangu.

Akacheka, saiba nzima ikisikia. "Utahama bomani kabla yangu mkubwa wako?"

Nyinyi mlio Nairobi na ng'ambo, niambieni kama mimi ndiye mkosaji. Lakini kwanza fungueni tovuti ya baba mjionee kazi ya mzaliwa wetu wa kwanza.

Ukurasa mweupe, na neno moja katikati: INAJENGWA.