Kofia ya Nyaya

Jumanne, tarehe nne Machi. Asubuhi mvua ilinyesha hapa mtaani Kondele, mchana jua likawa kali.

Leo nilivalishwa ile kofia ya nyaya. Watafiti wanataka kujua ubongo hufanya nini mtu akicheza, na sisi akina mama wa kikundi cha ngoma tulikubali. Mimi nilikubali kwa mdomo tu. Mama yangu alianza kusahau akiwa na umri wangu huu, mpaka akasahau jina langu, na mwezi huu nimeunguza sufuria mara mbili. Niliogopa mashine yao itaona kuwa nami nimeanza.

Dada aliyenivalisha aliniomba nisitikise kichwa. Ngoma yetu ni mabega na shingo, sasa nicheze na nini? Nikacheza kama niliyebeba ndoo ya maji kichwani. Mpiga ngoma akaita, "Mama, usimwage maji!" Wote wakacheka, hata mimi. Halafu hatua ya kugeuka ikanipotea kabisa, nikasimama.

Baadaye nikamuuliza yule dada polepole, "Umeona nini humo ndani?"

"Mama, hii haipimi ugonjwa. Kama una wasiwasi, nenda hospitali."

Hakunificha kitu, sitamsingizia. Labda kofia ndiyo ilinichanganya. Labda si kofia. Nyumbani niliijaribu ile hatua peke yangu, bila nyaya: mara ya kwanza ikakataa, mara ya pili ikaja. Sijui niamini ipi.

Jioni mume wangu ndiye aliyezima jiko, nilimwomba mwenyewe. Tulikula ugali na omena, na hakuna kilichoungua.