Mfaransa wa Bibi na Wake Zake

Enzi zetu pale Ibra, Omani, mcheza senema wa Kifaransa alikuwa akisema Kiswahili, tena cha mjini Unguja, na sauti yake ilikuwa ya dada yangu Thuraya. Wenzangu mliolelewa katika nyumba za watu waliorudi kutoka Unguja mnanielewa. Midomo ya yule bwana ilisema Kifaransa, chini yake yakapita mbio maandishi ya Kiarabu, na wazee wetu, waliohitimu Kurani tangu wadogo, hawakuufikia mwisho wa mstari kabla haujafutika. Sisi watoto tulisoma skuli za huku. Basi kila nyumba ilikuwa na mtoto wake wa kutafsiri.

Baba alifanya kazi Maskati na kurudi Jumatano alasiri. Pale Bidbid, barabara inapochepuka kuja kwetu, alisimama kukodi mikanda ya video miwili mitatu, na mwenye duka alimpa chochote alichonacho. Bado naikumbuka harufu ya ule mfuko: plastiki iliyopigwa jua garini, imechanganyika na halwa. Mama alileta vitumbua na birika la chai ya maziwa. Bibi, mama yake Baba, alikaa mkekani karibu kabisa na televisheni, miguu kainyoosha.

"Leo yumo?" aliuliza kila wiki.

Alimkusudia Mfaransa wake: mrefu, mwembamba, ana mwanya, hutembea mikono mifukoni kama anayetafuta funguo. Nilitaka sana kujua kwa nini kampenda huyo, na wazuri kuliko yeye walikuwa tele.

"Mwangalie," alinijibu. "Ukimwona tu, unajua hajala."

Baba aliweka sharti moja. Siku mama yake atakaposema "astaghfirullah" kwa ajili ya senema, video itauzwa. Na hakutishia bure. Baiskeli ya kaka yangu ilikuwa imekwisha kuondoka kwa sharti la namna hiyohiyo. Kwa hiyo Thuraya akamfunza Mfaransa adabu. Kila alipoingia alipiga shikamoo, hata kwa polisi. Chupa ikitokea mezani, Bibi alisogea mbele.

"Anakunywa nini?"

"Siki, Bibi."

"Siki? Gilasi nzima?"

"Daktari kamwambia."

Wanawake ndio waliotaka akili. Kila aliyekumbatiwa, Thuraya alimfanya mke. Tatizo ni kwamba Bibi hakuzihisabu zile kuwa senema mbalimbali. Kwake yalikuwa maisha ya mtu mmoja, na kila wiki tulikuwa tunapata habari zake. Wiki hii kafukuzwa na polisi, wiki ijayo kafungua mkahawa, alhamdulillahi katulia. Ramadhani ilipoingia, Mfaransa alikwisha kutimiza wake wanne.

Baada ya Idi akaja Shangazi Asya, binamu yake Baba, aliyezaliwa Bujumbura na kusomeshwa na masista. Kifaransa kwake maji. Ndiyo kwanza aone Omani. Alipokaa sebuleni na video ikawashwa, Thuraya alinitazama kama mtu anayepelekwa hospitali.

Haikupita muda, akatokea mwanamke mwenye koti jekundu, Mfaransa akamkumbatia.

"Na huyu?" Bibi akauliza.

"Mkewe," alisema Thuraya, sauti ndogo.

"Wa tano?"

Gazeti la Baba likashuka hadi puani.

"Kamwacha yule wa kwanza, Bibi."

"Yule mwenye nywele fupi? Maskini! Kwa kosa gani?" Bibi akageuka. "Asya, wewe Kifaransa unakijua. Mtoto huyu anasema kweli?"

Shangazi aliitazama televisheni, akamtazama Thuraya, akalitazama gazeti.

"Kakosea kidogo, mama. Hakuachwa yule. Kenda kwao kumuuguza mamaake. Huyu ni dadaake."

"Aa! Ndiyo maana wamefanana."

Palepale kaka na dada wakaanza kusogezeana nyuso. Shangazi akaruka na birika, akaziba televisheni nzima kwa kanga yake. "Nani hajapata chai?" Kikombe kimoja alikijaza kwa muda wa kumwagilia mitende. Gazeti la Baba lilipanda tena juu, na nyuma yake mabega yalikuwa yanatikisika. Tukajua video haiendi popote. Mimi nikabaki nawaza: tangu lini Baba anajua?

Baadaye, jikoni, nilimwuliza Shangazi yule mtu khasa alikuwa anasema nini kwenye senema ile.

"Mengi ya kipuuzi," alisema. "Lakini mwanzo kabisa alimwambia yule mwanamke kwamba hajala tangu asubuhi. Bibi yako ana jicho."

Juzi juzi nilisoma kwenye simu kwamba Mfaransa amefariki, mzee sana. Kwa dakika chache nikayajua yote tuliyobishania utoto mzima. Alizaliwa kwa muuza samaki, akakataliwa mara nyingi kabla ya kupewa vijisehemu vya wezi na watumishi, akapata jina, na uzeeni akarudi kwenye jukwaa. Alioa mara moja tu. Nilitafuta wa kumwambia, na Bibi yuko makaburini.

Siku hizi Ijumaa wajukuu hunijia kutoka Sur na Nizwa. Kila mtu na simu yake, vitu masikioni, kila mmoja anacheka peke yake, na Kiswahili chao ni "bibi, simu yangu iko wapi, kimepotea". Ijumaa iliyopita niliiweka senema ya Mfaransa kwenye televisheni kubwa. Akaja kukaa nami mmoja tu, Sharifa, wa darasa la nne. Maandishi ya Kiarabu yalikuwa makubwa na kusoma najua, lakini nilitamani kumsikia Mfaransa akisema kwa kinywa cha mtoto.

"Anasema nini huyo, mama?" nilimwuliza.

Sharifa akaniletea miwani yangu.

"Soma, Bibi. Imeandikwa hapo chini."