Bibi Mudogo Aliyechongwa Upande Mmoja

Mnaotaka kucheka, chekeni sasa mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nyumbani kwangu Baraka, saa sita ya mchana, jua likiwa utosini. Sikuwa na homa, sikuwa nimeonja kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wala sikusimuliwa na mtu. Kovu liko hapa kwenye kiganja changu cha kuume: alama saba ndogo, zimepangana mstari mmoja. Mtu akiniambia nilijikata kwa kisu cha jikoni, namwomba anionyeshe hicho kisu chenye meno saba.

Ulikuwa wakati wa Zaire, miaka ile ambayo Jumamosi ilikuwa ya salongo, kazi ya lazima, na hakuna aliyethubutu kubaki kitandani. Mume wangu, papa Riziki, alikuwa mpasuaji wa mbao. Alikuwa na tronsoneze, ile mashine ya kukatia miti, aliyoipata kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akifunga biashara yake ili ahame. Fundi wa karibu alikuwa Uvira, na barabara yake mnaijua. Kwa hiyo papa Riziki alijifunza kuitengeneza mwenyewe, kwa kuifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga, mpaka vidole vyake vikajua mahali pa kila parafujo.

Nisingekuwa na neno kama angeifungulia uani. Aliifungulia kwenye mkeka wangu! Akirudi jioni ananipita kama nguzo ya nyumba, anaketi nayo. Buji, ile plagi ya kuwashia moto, anaikwangua masizi polepole kwa waya. Kichujio cha hewa anakiosha kwa petroli, anakipuliza kwa mdomo. Lile bamba refu ambalo mnyororo unazunguka juu yake, anachokoa mfereji wake kwa waya wa mwavuli mpaka unga wote wa mbao utoke. Na mafuta je? Mafuta ya mashine yalikuwa hayapatikani, basi mnyororo aliulainisha kwa mawese. Wala si yale mazito ya chini ya chungu. Alichukua ya juu, mekundu, safi, niliyoyakamua kwa mikono yangu nikiwa na mimba ya miezi minane. Sombe yangu, yale majani ya muhogo, ilipikwa kavu ili mashine ishibe. Wewe ungenyamaza?

Halafu akaipa jina. Kwetu bibi ni mke, na mke wa pili ni bibi mudogo. Aliiita hivyo siku moja mbele ya rafiki zake, wakacheka, jina likashika. Watu wakipita njiani wanauliza, "Bibi Mudogo ameamuka?" naye anajibu, "Ameamuka, ameshakunywa." Mimi nilicheka kwa meno tu. Nilikuwa na wivu, nasema wazi. Wivu wa kuonea chuma! Nilimzaa Riziki, na katika mwezi mzima baba yake alimpakata mara mbili. Ile mashine aliibeba begani kila asubuhi.

Macho yake ya kuonea karibu yalikuwa yameanza kumsumbua, akawa haoni vizuri meno ya mnyororo. Akanipa mimi tupa.

"Mama Riziki, kila jino mara tatu. Kuume na kushoto, sawasawa. Usibague meno."

Maana meno ya mnyororo yamepishana, moja linatazama kuume, linalofuata linatazama kushoto. Ukinoa upande mmoja kuliko mwingine, mashine haiendi moja kwa moja, inavutwa kule kwenye makali. Alinieleza yote hayo kwa uvumilivu ambao sijawahi kuuona akiniambia neno lingine. Mume wangu alikuwa ananifundisha kumchonga mke mwenzangu.

Basi nikabagua. Meno ya kushoto niliyanoa vizuri, ya kuume nikapitisha tupa juu juu tu. Mbao zikaanza kutoka zimepinda. Papa Riziki akageuza bamba, la juu likawa chini, akakaza mnyororo, akaulegeza, asione sababu. Siku moja akaitukana. Aliitukana mbele yangu! Jioni ile nilikula nikashiba.

Sikuwaza zaidi ya hapo, niaminini. Nilisema moyoni, mbao zikiendelea kupinda atachoka nayo, ataiuza, yataisha. Hata aliponiambia kwamba Jumatatu atapanda milimani, upande wa Fizi, kuangusha mvule mkubwa kwa ajili ya benchi za kanisa, sikushtuka. Mbao iliyolala na mti uliosimama, kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Jumamosi kabla ya hapo watu wote walikwenda salongo kufukua mitaro. Mimi niliachwa kwa sababu ya mtoto mchanga. Barabara ilikuwa tupu kabisa, kwani kukutwa unazurura saa za salongo ilikuwa ni kujitafutia gereza. Nilikuwa ndani, nanyonyesha, nikasikia sauti mlangoni.

"Hodi, mukubwa."

Mukubwa ndivyo mke mdogo anavyomwita mke wa kwanza. Nikainua macho. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, kikwembe alichojifunga kiunoni kimejaa madoa ya mafuta. Aliingia bila kukaribishwa, na mwendo wake ulikuwa mbaya: alivutika kushoto, akajirudisha, akavutika tena. Halafu harufu yake ikanifikia. Petroli, mawese na mbao mbichi. Harufu ya mume wangu! Sikuwaza mzimu hata kidogo. Niliwaza kwamba kumbe utani ule ulikuwa kweli, anaye mwanamke.

"Unatoka wapi?" nikamuuliza.

"Ku kazi. Na bwana yetu."

"Bwana yetu nani? Batu bote beko ku salongo, we unatoka ku kazi gani?"

Akaketi kwenye mkeka, pale pale inapowekwa mashine, akafungua kinywa. Zamani wazee wetu walichonga meno kwa urembo, nimewaona vikongwe wawili watatu nikiwa mtoto. Wale walichongwa na mtu aliyewapenda. Huyu meno yake ya kushoto yalikuwa makali, yanang'aa, na ya kuume yalikuwa butu, mengine yamevunjika, na mdomo wote umekwenda kushoto.

"Mukubwa, unanichongaka upande moja tu," akasema. "Juu ya nini?"

Nikamkumbatia Riziki kwa nguvu. Yeye akaendelea kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Siku ya kwanza tutapanda na bwana ku muti mukubwa. Mi naendaka kule meno inanivuta, siwezi kukatala. We unajua bwana anasimamaka upande gani?"

Nilijua. Alisimama kushoto siku zote.

Lakini oneni ujinga wa wivu. Katika maneno yote hayo, sikio langu lilishika mawili tu: tutapanda na bwana. Jumatatu siku ya kwanza ya kazi, yeye na mume wangu, milimani, na mimi nyumbani na nepi. Nikamlaza mtoto, nikasimama.

"Toka mu nyumba yangu!"

Nikampiga kofi la mdomo. Kiganja kikapasuka. Riziki akalia, nikageuka kumtazama, na niliporudisha macho hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na tronsoneze, imelala kwenye mkeka, damu yangu kwenye mnyororo. Nilitoka mpaka mlangoni. Uani nilikuwa nimefagia asubuhi, na kwenye vumbi palikuwa na nyayo zangu tu.

Hapo ndipo akili ilinirudia, na neno la mti likaniingia. Nikafunga mkono kwa kitambaa, nikachukua tupa, nikakaa chini. Upande wa kuume, kila jino mara tatu, huku namwomba Mungu. Ningemaliza. Haki ya Mungu ningemaliza, yalibaki meno manne tu, nilipomsikia papa Riziki anafika na koleo lake begani. Alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa analia, kitambaa changu kimelowa damu mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akatazama mkeka, akauliza:

"Bibi Mudogo anaendelea je?"

Nikaweka tupa chini.

"Anaendelea muzuri," nikamjibu. "Nimemaliza."

Jumatatu jioni walimleta juu ya machela ya miti, wanaume sita wakipokezana, mguu umefungwa kwa vipande vya mbao. Etongwe, mwenzake wa kazi, ndiye aliyenieleza. Mashine ilikata vizuri mpaka karibu na mwisho, kisha ikavutika kushoto kwa ghafla. Mvule ukazunguka juu ya kisiki chake, ukaja upande aliosimama papa Riziki. Etongwe alinivuta pembeni, akaniambia chini chini kana kwamba anakaripia.

"Mama Riziki, we ulipanda kule kufanya nini na mutoto mudogo vile?"

"Mi sikupanda."

"Usinidanganye. Kuna bibi alimusukuma. Niliona kikwembe yake. Bila ule bibi, leo tungekuletea maiti."

Mwanamke mwingine angepiga magoti. Mimi pia nilishukuru, lakini shukrani ilikuja ya pili. Kwanza niliona wivu. Mimi wa ndoa, mama wa mtoto wake, niliweka tupa chini. Yule niliyemnyima meno na kumpiga kofi ndiye aliyemsukuma mume wetu akapona. Mpaka leo roho inaniuma nikikumbuka.

Mfupa uliunga. Mara ya kwanza papa Riziki alipovuka uani bila fimbo, nilikuwa nateka maji, nikaangusha ndoo. Alivutika kushoto, akajirudisha, akavutika tena. Hivyo ndivyo anavyotembea tangu siku ile.

Hakuweza tena kubeba mashine. Nikaichukua mimi. Etongwe anakwenda nayo kazini, akiirudisha naifungua kwenye mkeka wangu, buji, kichujio, bamba, na mnyororo naupa mawese ya juu kabla chungu changu hakijaonja. Watu wa Mboko na hata wa Misisi wameniletea mashine zao, wanasema mama wa Baraka anachonga kuliko wanaume. Papa Riziki anakaa kwenye kiti chake ananitazama. Chakula kikichelewa ananiuliza, "Umemaliza na ule mwanamuke?" Sauti hiyo naijua. Ilikuwa yangu.

Ya meno manne sijamwambia. Nyinyi ndio wa kwanza kusikia, na nawaambia kwa sababu mficha maradhi kilio humfichua, nami nimechoka kungoja kilio. Wanaume, msikipe chuma jina la mke, kuna siku kitaitika. Na wewe mwenye wivu, uuseme kwa mdomo wako siku ile ile. Usiuache ushuke mkononi, hasa kama mkono huo umeshika tupa.

Mimi mke mwenzangu bado namwonea wivu. Lakini meno yake sibagui.