Makofi Nimeyaona, Maneno Sijayapata

Leo watu wa mtaa wangu wamenipigia makofi, na mpaka sasa sijui mkutano uliamua nini.

Tulimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, hapa Busanza, tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano wa wakazi. Mjuavyo, mimi ni kiziwi tangu nikiwa na miaka tisa. Leo walikuwa wanajadili mfereji unaopita mbele ya nyumba yangu.

Ghafla wote wakaangua kicheko.

Nikampa jirani yangu Vestine daftari aniandikie kuna nini. Akaandika: "Si kitu muhimu."

Mtaa mzima unacheka, eti si kitu muhimu!

Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu hii ambayo mwenyewe siisikii:

"Na mimi ni mkazi wa hapa. Naomba mtu mmoja aniandikie mnachozungumza. Siombi msaada, ni haki yangu."

Nyuso zote zikanigeukia.

Halafu wakapiga makofi, hadi mwenyekiti. Nikaona aibu, na furaha kidogo.

Nikakaa, nikawanyooshea daftari.

Hakuna aliyelipokea. Mwenyekiti akaendelea kuzungumza, na wote wakamgeukia yeye.

Mwishoni wakanipa mkono mmoja mmoja. "Umesema vizuri," nilisoma midomoni mwao. Nikamuuliza Vestine, "Mmeamua nini kuhusu mfereji?"

Akaandika, "Nitakuambia kesho," akaondoka.

Nimekaa barazani peke yangu.

Jirani yeyote uliyekuwepo, tafadhali usinipongeze hapa chini. Niandikie tu walichosema.