Novel ya samurai ilivyonivua nguo ukweni, Wundanyi

Wakuu, nawasalimu nyote, wa huku mabondeni na wa kule milimani.

Naona hapa jukwaani watu wanaulizana novel nzuri za samurai na maisha ya Wajapani wa zamani. Kila mtu anamwaga list yake: mapanga, visasi, ninja wanaoruka kuta. Mimi nimekuwa nikisoma na kunyamaza.

Leo nasema. Na sitii chumvi, maana hii stori inaniaibisha mimi mwenyewe, na hakuna mtu anakaa chini kujitungia aibu.

Ni miaka ya tisini, Voi. Mimi ni Mkamba lakini nimekulia Voi, kwenye kwota za reli, mzee wangu alikuwa mtu wa reli. Wakati huo nilikuwa nauza kwenye hardware moja pale mjini. Misumari, rangi, mabati, siku imeisha.

Kilichoniweka hai ni vitabu. Karibu na stendi kulikuwa na jamaa anauza magazeti ya zamani na novel za mitumba chini kwenye gunia. Siku moja nikaokota novel nene haina kava mbele wala nyuma. Mpaka leo sijui inaitwaje wala nani aliiandika, kwa hiyo msiniulize.

Lakini wakuu, kitabu kilikuwa kitabu! Mambo ya samurai, mabwana wa ngome, wakulima wanakatwa mchele wao mpaka wanakula mizizi. Nilikisoma nikiwa kaunta, wateja wananipigia kelele. Nikawa mhubiri wake. Kila aliyeingia kununua kitasa alitoka na habari za samurai.

Hapo ndipo Wakesho akanijua.

Wakesho alikuwa karani wa ofisi moja pale Voi, Mdawida, yaani Mtaita, wa Wundanyi. Alikuja kununua balbu, nikampa balbu na mhadhara. Akacheka. Akarudi tena, na safari hiyo hakuwa anahitaji balbu. Tukaendelea hivyo mpaka nikajua kwamba huyu nisipomuoa nitakuwa mjinga wa mwisho.

Baba yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Mkali. Tayari alikuwa amewarudisha vijana wawili waliokuja kumposa dada mkubwa wa Wakesho, na hao walikuwa Wadawida wenzake! Sembuse mimi Mkamba wa misumari.

Wakesho akaniambia, "Kwanza uje wakuone tu. Baba anapenda vitabu kuliko watu. Ukimshika kwa vitabu, umepita."

Wee, si nilijua dawa yangu iko wapi.

Tukapanda Wundanyi Jumamosi. Baridi ya huko mnaijua, na mimi nimevaa shati jembamba eti nionekane nadhifu. Nilikuwa nimefundishwa salamu moja tu ya Kidawida, "kwawuka," ambayo ni ya asubuhi. Nikamwamkia nayo kila mtu ilhali ilikuwa alasiri. Walicheka, nikaona mambo yanaenda vizuri.

Mezani walikuwa mzee, mama yake Wakesho, Wakesho, na nyanya, yaani mamake mzee. Huyo nyanya alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la tano, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Tumewekewa kimanga, ule mseto wa muhogo na maharagwe, na chai ya maziwa.

Nikamkabidhi mzee ile novel kwa mikono miwili. Akaipindua. "Haina jina?"

"Haina, mzee. Lakini ukianza huachi."

"Inasema nini?"

Wakuu, nilifunguka! Nikaeleza mabwana, ngome, na wakulima. Mzee akawa anauliza maswali ya maana, ushuru ulikuwa kiasi gani, shamba lilirithiwa na nani. Mama anatabasamu. Moyoni nasema, Mutua, umeoa.

Halafu nikafika kwenye sehemu niliyoipenda kupita zote, ile ya vichwa.

Ndani ya kitabu, vita ikiisha, vichwa vya maadui vinaletwa ngomeni. Wanawake wanavipokea, wanaviosha damu, wanavichana nywele, wanavifunga kikaratasi cha jina, halafu vinapangwa mstari bwana avitazame.

Mzee akaweka kikombe chini. Mimi nikafikiri nimewashika kabisa.

Wakesho akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikafikiri ni mapenzi. Nikamkanyaga na mimi.

Mzee akauliza polepole, "Na wewe unaonaje, hao watu wa vichwa?"

Jamani, si ningesema sijui tu? Si ningejaza mdomo kimanga?

Nikacheka. Nikasema, "Aah mzee, ushenzi mtupu! Unapangaje kichwa cha mtu kama sufuria? Mtu akifa anazikwa mzima, mambo yanaisha!"

Nikacheka peke yangu. Mnajua kile kicheko ambacho katikati yake unagundua uko peke yako, na huwezi kukirudisha.

Nyanya akamuuliza mama yake Wakesho kitu kwa Kidawida. Nadhani aliuliza mgeni anachekea nini. Mama akasita, akamtafsiria. Nyanya aliweka sahani chini, akanitazama, akainuka akatoka nje.

Hakuna aliyenifokea. Mama alisema tu, "Mutua, ongeza chai," na hiyo chai niliinywa ikiwa ya moto vile vile ili uso wangu upate shughuli.

Mzee akasema, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo, "Hapo juu ya shamba kuna mwamba. Ndani yake yupo babu yangu. Yaani kichwa chake. Na wengine kabla yake."

Mimi nimekulia Voi, nimeuzia Wadawida misumari miaka, na sikuwa najua! Zamani, kabla kanisa halijashika, mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya muda kichwa kilifukuliwa, kikasafishwa na wa kwao, kikapelekwa pangoni kukaa na wenzake wa ukoo. Mvua ikikatika au mtoto akiugua, watu walienda pale kusema nao.

Na nyanya je? Huyo babu wa pangoni alikuwa babamkwe wake. Alipoolewa akiwa msichana, alimpikia yule mzee mpaka alipofariki. Mimi nimekaa kwenye meza ya nyumba yake nikamwita sufuria.

Niliona haya mpaka masikio yakawasha. Nilitaka nishuke Voi hata kwa miguu, lakini magari yalikuwa yameisha. Ikabidi nilale kwenye nyumba niliyoitukana, chini ya blanketi lao.

Asubuhi nikajua nitafukuzwa. Nikakunja blanketi, nikavaa viatu, nikasubiri.

Kumbe nyanya ndiye aliyekuwa ametoa amri. Alikuwa amesimama mlangoni na kanga mbili, akimsemesha mzee, na yule mwalimu mkuu mkali amesimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Wakesho akaninong'oneza, "Anasema wale wa pangoni wameitwa sufuria nyumbani kwao. Lazima waendewe, waambiwe. Na Baba ndiye mwenye kusema."

"Na Baba anasema nini?"

"Anasema leo ni Jumapili, watu wanapita kwenda kanisani, wataona."

Nyanya akajifunga kanga ya pili. Alianza kupanda tu, na mzee akamfuata akiangalia barabarani. Mimi na Wakesho tukafuata nyuma. Chini kidogo ya mwamba mzee akanigeukia, "Wewe ishia hapo."

Nikaishia hapo, Wakesho naye akabaki nami. Kutoka pale nilipokuwa sikuona kitu, nilisikia tu. Nyanya alianza, kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na jirani ng'ambo ya ua. Katikati nikasikia "Mutua." Wakuu, kusikia jina lako likitajwa kwa watu kama hao na hujui unasemwa nini, acha tu.

Halafu mzee akaanza kusema. Alikwama. Akaanza tena, akakwama. Kisha akasema maneno mengi kwa mfululizo, na nikaona Wakesho anafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Ananilaani?"

"Nyamaza kwanza."

Ilipoisha ndipo akaniambia. "Yako ilikuwa fupi. Nyanya amewaambia wewe ni mgeni, hujui kitu, wakusamehe. Imeisha."

"Na Baba?"

"Baba anajiombea yeye. Hajakanyaga hapa tangu awe mzee wa kanisa. Sisi watoto alituambia hakuna kitu hapa, ni popo tu. Mimi nilijua kwa nyanya." Akatazama juu mwambani. "Amewaambia, nimewaonea haya miaka yote."

Wakuu, aibu yangu ya jana nilikuwa nimeizoea kidogo. Hii ilikuwa nyingine. Mtu mzima, mwalimu wa watu, anajiombea msamaha kwa sababu mimi nilitaka kujionyesha kwa novel. Na lile neno, ushenzi, nililolitamka mezani nikicheka ndilo alilokuwa anaogopa kuambiwa na majirani maisha yake yote, hata akawaficha watoto wake.

Mzee akashuka anapangusa vumbi la magoti. Hakunitazama. Alinipita, akasimama, akasema akiwa amenipa mgongo, "Wazee wenu wakija kuposa, wasijue tulikuja huku."

Nilichelewa kuelewa kwamba amenikubali. Nilichosikia ni kwamba bado anaogopa, na ananiomba mimi, mimi niliyecheka, nimfichie.

Nikamwambia, "Sitasema, Baba."

Ndiyo mara ya kwanza nilimwita hivyo. Akaitika.

Sasa, mbona nasema leo? Kwa sababu alipozeeka zaidi alikuja kulitangaza jambo hili mwenyewe, na wajukuu, yaani watoto wangu, aliwapandisha pale mwambani mchana watu wakiona. Wakesho amesoma uzi huu kabla sijaupandisha. Amesema niache kujipaka matope sana, lakini nisifute kitu.

Kuhusu novel sasa, maana ndizo mlizoulizia. Achaneni na zile za panga kwa panga tu. Tafuteni inayowaonyesha nani alipanda mchele, nani aliupeleka kwa bwana, na mke alibaki na nini ndani. Na mkifika pale wanawake wanapoosha vichwa, someni polepole. Nilipokuja kuisoma tena niliona nilichokiruka mara ya kwanza: yule mwanamke anakishika kichwa cha adui kwa mikono miwili na anakisemesha kwa heshima. Ilikuwa imeandikwa pale pale. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye panga.

Somo langu ni hilo. Kabla hujamcheka mtu wa mbali ndani ya kitabu, angalia nani amekaa nawe mezani.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye kunicheka anicheke, nimestahili. Na kama na wewe kuna kitabu kiliwahi kukuponza mbele ya watu, kiweke hapa, nisibaki na aibu hii peke yangu.