Mikono Miwili Kwenye Mlima wa Tisa

Nilipomaliza kidato cha nne, nilipata kazi ya kupima vitambaa katika duka la familia ya Kihindi mjini Kisii. Wenyewe waliishi ghorofani, juu ya duka. Mama wa mwenye duka, ambaye sote tulimwita Ba, alikuwa ameugua mwaka uliotangulia, na mkono wake wa kushoto haukufanya kazi tena. Mvua ya alasiri ilipofukuza wateja, mimi nilitumwa juu kukaa naye.

Likizo ya Agosti mjukuu wake, kijana wa chuo, alikuja kutoka Nairobi na mtambo wa michezo ya televisheni. Mchezo alioupenda ulikuwa wa mtu aliyevaa mbao za kutelezea theluji miguuni, anayeshuka milima tisa akikwepa misonobari na kuruka nyufa. Kijana alikuwa amefika mlima wa saba, na kila mlo tulikumbushwa.

"Nipe na mimi," Ba alimwambia siku moja.

"Ba, huu unataka mikono miwili."

Hakusema kwa ubaya. Lakini nilimwona bibi akiusukuma ule mkono chini ya mtandio wake.

Kesho yake, kijana alipotoka kwenda kuwaona rafiki zake, Ba aliniita. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, changu cha darasani, lakini tulielewana.

"Washa ile. Wewe iko mkono ya kushoto. Mimi iko ya kulia."

Tukaketi bega kwa bega, tumeshika kile kidude cha vitufe, kila mtu upande wake. Mimi nilimwelekeza yule mtu, yeye alimrusha. Tulianguka mlima wa kwanza tu, tukaanguka tena, tukagonga mti uleule mara nne.

"Iko nini hii nyeupe?" akauliza.

"Theluji, Ba. Ni kama mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka."

Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi nilikulia Ekerenyo, kwenye miteremko ambako watoto tulikalia magome ya mgomba na kuteleza hadi mtoni. Nilijua kwamba ukiogopa mteremko na kujivuta nyuma, unapinduka. Basi nikaacha kupunguza kasi. Tatizo likabaki kwenye nyufa. Nilipiga kelele, "Ruka!" naye akabonyeza tumeshatumbukia.

"Wewe nyamaza," akaniambia siku ya tatu. "Mimi iko na wimbo."

Akaanza kuimba polepole wimbo wa ibada yao, akibonyeza kwa mdundo. Tangu hapo hatukukosa ufa hata mmoja. Mlima wa pili, wa tatu, wa tano. Tulicheza kila alasiri ya mvua kwa wiki nzima, na kijana akirudi alitukuta na vikombe vya chai mkononi, wapole kama watawa.

Jumamosi alirudi mapema. Tulikuwa tunamaliza mlima wa nane. Nilisikia mlango, nikamsikia akivuta pumzi, lakini sikugeuka. Mlima wa tisa ulikuwa na ukungu, na chini kabisa nyufa mbili zilizofuatana, bila nafasi ya kutulia katikati. Ba aliimba kwa sauti. Tukaruka, tukagusa barafu, tukaruka tena. Bendera ikapepea.

Ba alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Mwanawe, mwenye duka, alipanda ngazi mbio, fimbo ya kupimia ingali mkononi, akidhani mama ameanguka. Alimkuta amenikumbatia kwa mkono mmoja, akinikamua kama ndimu.

"Ba," mjukuu akauliza taratibu, "pale kwenye nyufa mbili mlipitaje?"

"Kwanza leta chai," akasema. "Ya mimi na ya huyu."

Mchezo ulitaka herufi tatu za mshindi. Nikaandika S, I, S. Tulitaka kuandika "sisi", lakini nafasi ya herufi ya mwisho haikuwepo. Kijana akatuonya kwamba mtambo ukizimwa unasahau kila kitu. Ba akahamisha kiti chake, akakaa mbele ya swichi ya ukutani, na kwa siku mbili hakumruhusu mtu kuigusa. Kila mgeni aliyepanda ngazi, awe jirani wa Kihindi au mama mkwe wa fundi cherehani wa dukani, kutoka Nyamarambe, alioneshwa zile herufi kwanza, ndipo akakaribishwa kuketi.